Upasuaji wa busha: Mambo yanayomsubiri mgonjwa kabla na baada ya kisu

Wapo wanaume katika vijiji vya mwambao wa Kilwa na Lindi ambao wameishi na busha kwa miaka kumi, ishirini au zaidi, ilhali tiba yake ni upasuaji ambao kwa kawaida hauzidi saa moja, na mwenye busha la kiasi huweza kurejea nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kinachowazuia si umbali wa hospitali peke yake. Ni aibu, na ni hofu ya kutojua daktari atakata nini hasa. Siku hizi wanaume wenye uwezo husafiri hadi Istanbul, nchini Uturuki, kupandikizwa nywele kichwani, na huweza kuelezwa kila hatua kabla hata ya kupanda ndege, tangu sindano ya ganzi hadi siku ya kuosha kichwa. Mvuvi wa Somanga au mkulima wa Mchinga anayekwenda kutolewa busha anastahili maelezo hayo hayo, tena zaidi, kwa kuwa lake si suala la urembo. Busha kubwa humzuia mtu kutembea, kuvuta nyavu, kulima, na mara nyingi humvunjia unyumba.

Kwa miaka mingi watu wa Pwani wameambiana kuwa busha huletwa na kunywa madafu kupita kiasi. Dafu halina hatia. Penye minazi mingi pwani ndipo penye joto, unyevu na mbu, na mbu ndiye mwenye kosa. Anapomuuma mtu mwenye vimelea vya minyoo iitwayo Wuchereria bancrofti huvichukua, kisha huvipeleka kwa mwingine. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya limfu na huweza kuishi humo kwa miaka kadhaa. Inapoiharibu mishipa ya miguu huleta matende. Inapokaa katika mishipa ya korodani, maji hujikusanya ndani ya mfuko mwembamba unaoizunguka korodani. Hilo ndilo busha. Huchukua miaka mingi ya kuumwa na mbu hadi lionekane, na ndiyo maana ni nadra kuliona kwa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 duniani wana mabusha yatokanayo na ugonjwa huo. Tanzania ilianza kugawa dawa za kingatiba mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, na baadaye mpango huo ukaenea katika mikoa mingine, ikiwamo Lindi. Dawa hizo, ivermectin na albendazole, humezwa mara moja kwa mwaka ili kukata mnyororo wa maambukizi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Wamemeza dawa mwaka hadi mwaka, na busha halikupungua hata kidogo. Halikutarajiwa kupungua. Dawa huua vimelea vichanga vilivyomo katika damu, lakini maji yaliyokwisha kujikusanya hayaondoki kwa vidonge.

Aidha, kuyavuta maji hayo kwa sindano si tiba. Mfuko unaoyatoa huwa bado upo, hivyo hujaa tena, na kila tundu la sindano ni mlango wa wadudu wa maradhi kuingia ndani.

Mgonjwa anapofika hospitali, jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa alichonacho ni busha kweli. Katika lugha ya mitaani maneno mshipa, ngiri na busha huchanganywa, lakini kitaalamu ngiri ni utumbo ulioshuka, nao una upasuaji wake. Mtaalamu hupapasa, humtaka mgonjwa akohoe, na huweza kumulika tochi upande mmoja wa uvimbe katika chumba chenye giza: mwanga ukipenya, ndani mna maji. Busha la miaka mingi ambalo ngozi yake imekuwa nene huenda lisipitishe mwanga, kwa hiyo kipimo hicho hakitoshi peke yake. Kisha hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu na sukari. Mwenye vidonda au fangasi sehemu hizo hutibiwa kwanza, naye hurudishwa siku nyingine. Asikasirike, kupasua ngozi yenye maambukizi ni kualika usaha.

Siku ya upasuaji mgonjwa huoga vizuri kwa sabuni na hunyolewa. Huchomwa sindano ya ganzi, ama mgongoni ama karibu na kinena, hivyo huwa macho na husikia mazungumzo ya madaktari bila kusikia maumivu ya kisu. Daktari hupasua ngozi ya mfuko wa korodani na kuyatoa maji, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya manjano hafifu. Baada ya hapo huukata ule mfuko wa ndani uliokuwa ukiyakusanya, hushona kingo zake kwa uangalifu ili damu isivuje, na huirudisha korodani mahali pake. Wenye mabusha mawili huweza kufanyiwa yote kwa mara moja.

Korodani haiondolewi. Hilo linafaa kurudiwa, kwa sababu ndiyo hofu kuu vijiweni. Kinachokatwa ni ngozi laini ya ndani iliyojaa maji, na nguvu za kiume hazikai humo. Madhara kwa mirija ya mbegu huweza kutokea, lakini ni mara chache, na mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake juu ya hilo kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Mshangao huja baadaye. Mgonjwa hutazamia kuamka na umbo la ujana wake, badala yake hukuta sehemu imevimba na kuwa ngumu, pengine kwa majuma kadhaa. Baadhi hudhani busha limerudi. Uvimbe huo ni wa kidonda kinachopona na hupungua polepole, hasa mgonjwa akivaa chupi ya kubana inayobeba uzito na akipumzika. Baadhi huachiwa mpira mwembamba wa kutolea maji kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, uvimbe unaokua kwa haraka usiku wa kwanza, damu isiyokoma, homa, usaha au harufu mbaya ni mambo ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Maumivu ya siku za mwanzo hutulizwa kwa dawa za kawaida. Kuingia baharini ni mwiko hadi kidonda kifunge kabisa. Kunyanyua mizigo, kuendesha baiskeli na tendo la ndoa husubiri kwa muda wa wiki nne hadi sita, kadiri daktari atakavyoelekeza.

Kwa mtu anayekula cha leo, wiki sita bila kazi ni mzigo kuliko kisu chenyewe, na ni busara kupanga wakati. Mvuvi wa vyombo vidogo huweza kuchagua miezi ya kusi, ambapo bahari huchafuka na safari hupungua. Mwenye mikorosho huona afadhali kungoja mavuno yapite, na mwenye shamba la ufuta vivyo hivyo. Wasipange tu kungoja mwaka baada ya mwaka, kwani busha dogo hupasuliwa kwa urahisi katika hospitali ya wilaya, bali lile lililokwisha kuumeza uume huhitaji daktari bingwa na muda mrefu zaidi wodini.

Yapo pia ambayo upasuaji hauyatibu. Mguu wenye matende haupungui kwa kutolewa busha. Huo huhitaji kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri kati ya vidole na kuinuliwa wakati wa kupumzika. Busha nalo huweza kurudi iwapo sehemu ya mfuko imeachwa. Malawi ilithibitishwa mwaka 2020 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, lakini wanaume waliokuwa na mabusha bado walihitaji kupasuliwa mmoja mmoja.

Wakazi wa Kilwa huweza kuanzia zahanati ya kijiji, ambayo huwaelekeza Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, mjini Lindi. Wizara ya Afya nayo imekuwa ikiendesha kambi za upasuaji wa mabusha bila malipo katika mikoa ya pwani, na matangazo yake hupitia kwa wahudumu wa afya wa vijiji na viongozi wa mitaa. Anayeona haya kuvua nguo mbele ya mhudumu wa kike huweza kuomba kuonwa na mwanamume, na huweza kwenda na mkewe au ndugu, ambaye ndiye atakayemtunza wiki zile za kupumzika.