Sukari Hufungua Mlango wa Chumvi



Mtoto akiharisha, mwili wake hupoteza maji na chumvi. Vikipotea vingi, mtoto hufa. Kipindupindu chaweza kumwua mtu kwa saa chache tu.

Wengi wetu tunajua kwamba mtoto huyo apewe maji yenye chumvi na sukari. Lakini je, sukari hiyo ni ya nini? Wengine hudhani ni ya kuficha ladha ya chumvi. Sivyo. Sukari ina kazi kubwa.

Ukuta wa utumbo una milango midogo mno, haionekani kwa macho. Milango hiyo ina tabia ya ajabu. Chumvi ikija peke yake, haifunguki. Sukari ikija na chumvi, hufunguka. Zote mbili huingia mwilini, na maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960.

Jambo la ajabu zaidi ni hili. Sumu ya kipindupindu hufanya utumbo umwage maji, lakini haifungi milango hiyo. Kwa hiyo mgonjwa anaharisha, na huku maji anayokunywa yanaingia.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India. Kipindupindu kikawaingia kambini. Katika kambi ya Bangaon maji ya kutia mishipani hayakutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe. Kabla ya hapo walikufa kama 30 katika kila wagonjwa 100. Baadaye walikufa chini ya 4.

Dawa ya pakiti kutoka zahanati ndiyo bora. Ichanganye na maji kama pakiti inavyoeleza. Ukiikosa, fanya hivi:

1. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa.
2. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi.
3. Tia vijiko sita vya chai vya sukari.
4. Koroga mpaka viyeyuke.

Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe na kilima. Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza utumboni. Kuharisha huzidi. Ndiyo maana soda haifai. Chumvi ikizidi, yaweza kumdhuru mtoto vibaya. Onja kwanza: maji yasizidi chumvi ya machozi.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha mpe tena polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Maji yaliyobaki baada ya siku moja, yamwage.

Usikate tamaa ukiona bado anaharisha. Maji haya hayazibi kuharisha. Kazi yake ni kurudisha kile kinachopotea.

Mpeleke zahanati upesi ukiona macho yamebonyea, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu. Njiani endelea kumnywesha kama anaweza kunywa. Huko muulize mganga pia kuhusu vidonge vya zinki.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini chumvi peke yake haitoshi?
2. Kwa nini soda haifai kwa mtoto anayeharisha?