Ajali Haina Dhambi, Ila Ina Deni

Hodi inabishwa baada ya swala ya Isha. Baba anajibanza chumbani, mama ananyamaza, naye mtoto wa miaka sita anatumwa mlangoni na maneno mawili: "Baba hayupo." Ndugu msomaji, hivyo ndivyo deni linavyoingia katika malezi. Kabla halijachukua hata shilingi moja, limekwisha chukua ukweli wa mtoto.

Tuchukue mfano wa hamali wa mkokoteni katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Kamba inakatika, gunia linaporomoka, na taa ya gari lililoegeshwa inavunjika. Mwenye gari anadai shilingi 18,000. Kwa hofu na haya, hamali anaapa kulipa mwisho wa wiki, hali akijua kwamba hana. Wiki inapita, simu zinaanza kulia, naye anaizima yake.

Sheria ya dini yetu hutenganisha mambo mawili hapa. Aliyeharibu bila kukusudia hana dhambi, lakini haki ya mwenye mali haianguki. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba chombo cha chakula kilipovunjwa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), mwenyewe alirudishiwa chombo kizima, nacho kilichovunjika kikabaki pale kilipovunjikia. Upande wa pili, Surat al-Baqara, aya ya 280, inamwamuru mdai ampe muda mdeni aliye katika dhiki, na inamfunza kwamba kusamehe ni bora zaidi. Lakini mdai atampaje muda mtu asiyemwona?

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujitokeza. Aende mwenyewe, akiongozana na mzee wa mtaa au imamu, akiri lililotokea na aombe kuona makadirio ya fundi kwa maandishi. Si ukaidi kutafuta makadirio ya fundi wa pili. Mlipaji ana haki ya kujua analipia nini.

Hatua ya pili ni kusema kiasi cha kweli. Ikiwa baada ya chakula na kodi ya nyumba anabakiwa na shilingi 100 kwa siku, na hufanya kazi siku 6, hizo ni shilingi 600 kwa wiki. Deni la 18,000 litakwisha kwa wiki 30. Ni muda mrefu, lakini ahadi ndogo inayotimizwa humtuliza mdai kuliko kiapo kikubwa kinachovunjwa. Mapatano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inavyofunza, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Na mdai akikataa, akatuma watu wa kutisha? Anayekusanya deni kwa niaba ya mwingine si mahakama. Dalali anayekuja kutekeleza hukumu ya deni sharti awe na leseni na amri ya mahakama, aorodheshe mali, kisha atoe notisi ya siku 7. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa madai inakataza kukamata nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ambayo familia haina budi navyo, pamoja na vifaa ambavyo mtu hawezi kufanya kazi yake bila ya hivyo. Wala mtu hafungwi kwa deni la namna hii kwa sababu tu ya umaskini. Mahakama hutazama kwanza kama anao uwezo wa kulipa naye anakataa.

Wengi hukimbilia kwa Kadhi. Ikumbukwe kwamba Katiba imeiwekea Mahakama ya Kadhi mipaka ya mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi 1,000,000 husikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu aweza kujisemea bila wakili. Barua ya mahakama ikifika, isifichwe chini ya godoro: asiyejitokeza aweza kuhukumiwa bila kusikizwa.

Nasi tulioajiri wasaidizi wa nyumbani tujitazame. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipofanya kusudi, na kwa kiasi cha wastani. Birika lililoponyoka mkononi halimo.

Mwisho, jamaa na kamati za misikiti wasisahau kwamba Surat at-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Jirani aliyelemewa na deni la ajali ni katika hao, hata kama haya humzuia kunyoosha mkono.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wazee wetu, na malipo ya kwanza ni ukweli. Siku hodi itakapobishwa tena, hata mfukoni mkiwa na shilingi 100 tu, mtoto aseme: "Baba yupo, karibu." Mwenyezi Mungu awafariji wenye madeni, na azilainishe nyoyo za wanaowadai. Amin.