Kuvu Ukutani, Bili Mkononi

Baridi ikiingia hapa Uingereza malalamiko ya vyumba vya kupanga huwa yaleyale: kuvu nyeusi nyuma ya kabati, madirisha yanatiririka maji asubuhi, na bili ya gesi haishikiki. Kwa kuwa nasomea majengo, wenzangu huniuliza mimi.

Tuanze na hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10, inabeba kama 9 tu. Zinazozidi zinageuka umande palipo na baridi zaidi. Na nyumba nyingi tunazopanga zilijengwa kabla ya 1919, ukuta ni tofali tupu la sentimita 23 hivi, bila nafasi katikati. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani joto halifiki, basi kuvu inaanzia hapo.

Sasa sisi tunafanyaje? Tunaziba matundu ya hewa kwa magazeti ili joto lisitoke, tunachemsha maharage saa mbili bila mfuniko, na nguo tunaanika juu ya hita. Furushi moja la nguo linaachia chumbani lita 2 hivi za maji. Ziende wapi?

Wengi hawaniamini nikisema fungua dirisha hata mvua ikinyesha. Lakini hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikishiba maji, ina gramu 7 tu. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka kwenye asilimia 40, ni hewa kavu hiyo! Dakika 10 baada ya kupika au kuoga zinatosha, kuta hazijawahi kupoa. Kinachokula gesi ni dirisha lililoachwa wazi kutwa nzima.

Ila doa likizidi kila mvua inaponyesha, hilo ni paa au mfereji wa maji, ni kazi ya mwenye nyumba. Asikwambie ni namna mnavyoishi. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 wa wazazi kutoka Sudan, aliyeishi Rochdale, alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 uchunguzi ulithibitisha chanzo ni kuvu ya nyumbani kwao. Baba yake alianza kulalamika 2017, akaambiwa apake rangi juu yake.

Kwa England, sheria ya 2018 inamtaka mwenye nyumba akupangishe mahali panapofaa kuishi binadamu. Mwandikie kwa imeili, ambatanisha picha zenye tarehe. Akikaa kimya, halmashauri ina maofisa wa kuja kukagua.