Siku Tatu za Musoma: Mapumziko ya Wawili na Nyumba ya Kutafuta

Katika vijiji vyetu mume na mke husafiri pamoja kwa sababu tatu: msiba, harusi na hospitali. Ukionekana kituoni na mumeo, begi ni moja, mgonjwa hakuna, wala hakuna aliyefariki, watu watauliza. Wengine hawaulizi, hunong'ona tu. Na mama akisema waziwazi kwamba anakwenda kupumzika, jirani humtazama kama ametaja jambo la aibu. Kupumzika kwetu ni kazi ya wagonjwa na watalii.

Sisi tunaoandika ni mume na mke, walimu wote wawili, wakazi wa Nyarero katika wilaya ya Tarime. Tumeoana miaka 22. Kwa muda huo wote hatukuwahi kulala nje ya nyumba yetu pamoja pasipo kuwa na mtoto, mgeni au jeneza. Likizo iliyopita tuliwaacha watoto kwa bibi yao tukashuka Musoma kwa siku 3. Shabaha zilikuwa mbili: kupumzika, na kutafuta nyumba ya kuhamia tutakapostaafu. Mmoja wetu anasumbuliwa na kifua, na baridi ya milima ya Tarime haimpendezi. Musoma kuna joto la ziwa, tena kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa.

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mmo katika umri huo huo wa kuhesabu miaka iliyobaki kazini na kuuliza, "Tutakaa wapi?" Ndiyo sababu tumeona vema tuwasimulieni.

KUSHUKA ZIWANI

Barabara ya Tarime kwenda Musoma ni safari fupi, lakini inabadilika sana. Unaacha migomba na kahawa ya mlimani, unashuka kwenye nyanda za mihogo na mtama, kisha unafika daraja la Kirumi. Hapo mto Mara, uliotoka misitu ya Mau huko Kenya ukapita katikati ya nyumbu wa Serengeti, unalala polepole ndani ya mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Makutano unaiacha barabara kuu ya Mwanza, unakata kuelekea ziwani, na muda si muda upepo unabadilika. Una harufu ya dagaa.

Nyumba ya wageni tuliyopata ilikuwa ya kawaida, safi, yenye chandarua kizima. Asubuhi ya kwanza tuliamka saa mbili. Saa mbili! Hakuna ng'ombe wa kukamua, hakuna kengele, hakuna mtu wa kupiga hodi akitaka kuazima baiskeli. Tulilala tukitazama dari kwa muda, kila mmoja akiona haya kidogo kuwa wa kwanza kusema jinsi ilivyo raha.

Jioni tulikwenda Mwigobero, ambako mitumbwi na boti za visiwani hufikia. Tulikula sato wa kukaanga kwa ugali wa mtama na muhogo, tukaketi juu ya mawe. Mawe ya Musoma ni makubwa kama nyumba, yamerundikana ufukweni kana kwamba yalimwagwa, na jua la jioni likiyapiga yanakuwa mekundu. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa huonekana mbali majini, safu kwa safu, mpaka utadhani kuna mji mwingine upande wa pili. Jambo moja tu tunawaonya: msishawishike kuoga ziwani kwa sababu maji yanapendeza. Konokono wa kichocho wako humo kwenye majani ya kando, na mamba nao wapo.

DALALI NA NYUMBA YA KWANZA

Siku ya pili ilikuwa ya dalali. Kijana mwenye adabu, simu mbili mkononi, hakukosa neno. Alitutoza ada ya kutembeza kabla hatujapiga hatua, jambo ambalo ni desturi ya kazi yao. Alitupeleka moja kwa moja ufukweni, nje kidogo ya mji, kwenye pagale la vyumba vitatu lililofika usawa wa linta. "Mzee, mama, hapa mnaamka mnanawa uso ziwani," alisema. Bei ilikuwa ndogo kupita kiasi.

Mmoja wetu hufundisha hisabati. Alisimama ukingoni mwa maji akaanza kuhesabu hatua hadi ukutani. Zilikuwa 38. Dalali akacheka akidhani ni mchezo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, bahari au mto. Mtu akikuuzia hapo, anakuuzia ugomvi na serikali.

Na hata bila sheria, ukuta wenyewe ulitoa ushahidi. Kimo cha goti palikuwa na mstari wa tope lililokauka, na juu yake chumvi imepanda kwenye matofali. Ziwa Victoria si kama beseni lisilobadilika. Mwaka 1964 lilipanda sana, mwaka 2020 likafikia tena kiwango cha namna hiyo, na mwaka 2024 likapita hapo. Watu wa pwani za Kenya, Uganda na Tanzania walihama nyumba zao. Ukitaka kununua karibu na maji, waulize wazee wa mtaa ziwa lilifika wapi miaka hiyo. Usimwulize dalali. Yeye mwaka 1964 hakuwepo, na mwaka 2024 hakumbuki.

Tulisoma mahali fulani kwamba huko Mexico, nchi ambayo Wamarekani wengi huikimbilia kutafuta nyumba ya uzeeni kando ya bahari, katiba yao ya mwaka 1917 inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilometa 50 kutoka pwani. Mgeni akitaka nyumba hapo, benki inashika hati kwa niaba yake. Kwetu vilevile asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Lakini hata sisi raia, tukisema tumenunua kiwanja, kwa kweli tumenunua haki ya kukitumia: ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Angalia miaka iliyobaki. Hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebakiza michache.

MAMA ALIYEKUWA JIKONI

Nyumba ya pili ilikuwa ndani ya mji, imekwisha, ina umeme na bomba, ua wa kutosha na mwembe. Ndiyo tuliyoipenda. Mwenye nyumba, mwanamume wa makamo, alitupokea vizuri, akataja milioni 38 na kusema anaweza kupunguza kama tutalipa upesi. Madirisha yalikuwa na nyavu nzuri, jambo la maana Musoma, maana kuna majira ambapo wadudu wadogo hupanda kutoka ziwani kama moshi na kuingia hata kwenye chai.

Wakati wanaume wanazungumza sebuleni, mmoja wetu aliingia jikoni kusalimia. Alimkuta mama wa nyumba anachambua mboga. "Poleni na kuhama, dada," alisema. Yule mama akanyanyua kichwa. "Tunahama kwenda wapi?"

Basi. Hakuna aliyehitaji kusema zaidi. Tulimaliza soda zetu, tukashukuru, tukaondoka. Dalali alikasirika. "Hayo ni mambo yao ya ndani," alisema, "ninyi mnanunua nyumba, hamnunui ndoa."

La, hatukubaliani naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama yule angeweza kwenda mahakamani, nasi tungebaki na karatasi. Hilo ndilo la akili. Lakini kuna la moyo pia: tungewezaje kupika katika jiko lile? Mama zetu, mnapokwenda kununua nyumba, ombeni kumwona mke wa muuzaji. Asikae nyuma ya pazia. Aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba anauza, na atie sahihi.

JINA LA NANI?

Usiku ule hatukulala mapema. Yule mama wa jikoni alikuwa amekuja nasi, kwa namna ya kusema, akaketi kati yetu.

Kwetu Ukuryani neno "nyumba" si matofali. Nyumba ni mama na watoto wake. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu, na ng'ombe na mashamba huhesabiwa kwa nyumba. Ndiyo maana ipo hata ile ndoa ya nyumba ntobhu, ambamo mama asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Mama ndiye nyumba, lakini ukitafuta jina lake kwenye karatasi, hulioni.

Swali lililokuwa limefichika kwa miezi lilitoka ndipo hapo: hati itaandikwa jina la nani? Fedha ya kwanza ni ya ng'ombe waliouzwa na baba. Ya pili ni ya akiba ya mama katika chama cha kuweka na kukopa, miaka 11. Baba alisema kwa upole kwamba jina moja linatosha, "si tuko pamoja?" Mama alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mzee wetu alipofariki, mama yako alikaa miezi minane hajui kama atabaki pale. Nawe ulilia." Hilo halikuwa na jibu la haraka.

Ni vema mjue sheria imefika wapi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inawaruhusu mume na mke kumiliki kwa njia mbili. Ya kwanza, kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu lake linakwenda kwa warithi wake. Ya pili, wote wawili wanamiliki kitu kizima kwa pamoja, na mmoja akifa, aliyebaki anaendelea kumiliki chote. Hii ya pili imewekwa hasa kwa ajili ya wanandoa. Wengine hawawezi kuipata bila ruhusa ya mahakama. Ni ajabu jinsi wanandoa wachache wanavyoiulizia dirishani.

Tulizungumza mpaka taa za wavuvi zikaanza kurudi. Lilizungumzwa pia la kaburi. Baba alitaka ijulikane kwamba kununua Musoma si kuiacha Nyarero, na kwamba atazikwa kwao. Mama alisema hana ubishi na hilo, ila kwanza waishi.

NYUMBA YA TATU

Siku ya tatu hatukumwita dalali. Mwalimu mwenzetu wa zamani alitupeleka Buhare, mbali na ufuko, kwa mjane anayehamia kwa binti yake. Vyumba viwili, bati la zamani, choo cha nje. Hakuna maji ya kutazama, ila ukipanda jiwe la nyuma ya nyumba unaliona ziwa lote. Kiwanja kimepimwa. Hati ina jina lake mwenyewe, kwa kuwa alimaliza mirathi mahakamani, na alitutolea barua ya usimamizi bila kuombwa.

Hatukutoa fedha siku hiyo. Tulichukua namba ya kiwanja na ya hati, tukaomba upekuzi ofisi ya ardhi ili kujua kama kuna rehani au zuio. Tuliomba stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Tuliangalia na Luku, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humo, na mita ikikaa bila kununuliwa umeme deni hujikusanya. Mkataba tulipanga uandikwe mbele ya wakili, malipo yapitie benki, na kodi ya TRA ya mauzo iwe juu ya muuzaji kama inavyotakiwa.

Upekuzi umekwisha kurudi, nao ni safi. Fomu tumeijaza majina mawili, umiliki wa pamoja. Baba ndiye aliyeandika jina la mama, akaliandika juu ya lake. Bibi wa watoto alipoonyeshwa picha ya nyumba aliitazama kwa makini, akauliza kama kuna mahali pa kuku. Papo, nyuma ya jiwe.