Ndege wa samawati aliyedhaniwa kutoweka angali hai

KWA zaidi ya karne moja, wataalamu walidhani kwamba Eutrichomyias rowleyi, ndege mdogo wa rangi ya samawati wa kisiwa cha Sangihe nchini Indonesia, alikuwa ametoweka duniani. Ushahidi wa pekee wa hakika ulikuwa ndege mmoja aliyekusanywa mwaka 1873. Hata hivyo, mnamo 1998 watafiti walimpata akiwa hai katika msitu wa Mlima Sahendaruman.

Uhaba wake si fumbo. Ndege huyu, ambaye hula wadudu, hutegemea msitu wa asili, hasa mabonde yenye vijito. Sehemu kubwa ya msitu huo ilifyekwa ili kupanda minazi na mikungumanga, na kilichosalia ni kipande kidogo kwenye miteremko mikali isiyolimika kwa urahisi. Kwa kuwa hapatikani kwingineko ulimwenguni, msitu huo ukimalizika hana pa kukimbilia.

Tishio lilizidi mwaka 2021, kampuni moja ilipopewa kibali cha kuchimba dhahabu katika eneo la zaidi ya nusu ya kisiwa. Wakazi, ambao hupata maji kutoka mlima huo huo, walikwenda kortini, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu nchini humo ikaamua kibali hicho kifutwe.

Wakenya nao wana mtihani kama huo. Katika milima ya Taita, ndege aitwaye apalisi wa Taita, asiyepatikana kwingine, amebaki katika vipande vichache vya msitu.