Mafigo yakigonjwa, mifupa nayo inaumia

Wandugu wanafunzi, wengi wetu tunasema figo ni ya mukojo tu. Hapana. Figo inageuza vitamini D tunayopata juani, ili ivute kalsiumu ya chakula iingie katika damu. Tena inatoa fosfori iliyozidi. Mafigo yakichoka, fosfori inajaa, kalsiumu inapungua. Ndipo vitezi vidogo vya shingoni, kwa kawaida 4, vinaiba kalsiumu ndani ya mifupa. Mutu anaanguka kidogo tu, mufupa umevunjika!

Basi tumupe ndagala na maziwa mengi? Kwa sisi wazima ni vizuri, lakini kwake vinaongeza fosfori. Munganga apime damu kwanza, aseme kiasi. Lakini tusimukataze kila kitu, maana nyama ya mwili itaisha. Na miguu ikivimba tunadanganyika: tunasema ananenepa, kumbe ni maji.