Ziwa Kivu: maji yanayopooza injini za boti ndiyo yanaweza kuziua

Mtaa wa Katoyi, katika tarafa ya Karisimbi mjini Goma, haugusi ziwa. Lakini maji ya ziwa yanafika huko kila siku, ndani ya bidoni za njano za lita 20, juu ya chukudu, pikipiki na migongo ya watoto. Bomba likikauka, ndiyo hayo wakaaji wanapikia na kufulia. Na sufuria inayochemshia maji hayo miezi mingi inabaki na gamba jeupe ndani, gumu, lisilotoka kwa kusugua.

Gamba hilohilo linajijenga ndani ya injini za boti.

Jambo hili si dogo kwa mtu anayesafiri. Vita vilipokata barabara ya Sake kwenda Minova mwanzoni mwa 2024, abiria na vyakula vilihamia majini. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kufika Kituku, na makumi ya watu wakafa machoni mwa waliokuwa bandarini. Kilicholaumiwa siku ile ni mzigo kupita kiasi, si injini. Ila boti iliyojaa inahitaji injini inayozunguka ili pua yake ikabili mawimbi. Injini ikizimika, upepo unaigeuza ubavu. Kutupa nanga katikati ya Ziwa Kivu hakusaidii: kina chake kinafika karibu mita 480.

Injini ya mazutu iliyofungwa ndani ya boti huwa na njia mbili za maji. Ya kwanza ni maji ya ziwa: yanavutwa na pampu, yanapita kwenye kichungi, yanaingia katika kisanduku cha kubadilishana joto, kisha yanatoka nje, mara nyingi pamoja na moshi. Ya pili ni maji yaliyofungiwa ndani. Hayo yanazunguka kando ya silinda, yanabeba joto na kulipeleka kwenye kisanduku kile, bila kuchanganyika na ya ziwa. Kazi yao ni nzito, maana kati ya robo na theluthi ya joto la mazutu yaliyochomwa lazima iondolewe na maji.

Kosa linaanza maji ya ndani yakipungua na mtu akachota ziwani kwa kopo ili kujaza. Ni rahisi, ni bure, yapo hapo hapo. Lakini lita moja ya maji ya juu ya Ziwa Kivu ina takriban gramu moja ya chumvi za madini, magnesiamu nyingi ikiwemo. Yakipata joto, sehemu ya madini hayo inaganda kwenye chuma, na gamba hilo linapitisha joto vibaya mno. Piga hesabu: injini inayovuja na kuongezwa lita 5 kila siku imepokea lita 150 kwa mwezi, yaani karibu gramu 150 za chumvi. Si zote zinazoganda, lakini zinazoganda hazitoki. Ndiyo maana kwa maoni yangu uvujaji ni ugonjwa mkubwa kuliko maji mabaya yenyewe. Injini isiyovuja, hata ikijazwa maji ya ziwa mara moja, inapata dozi moja tu.

Kuna pia urefu wa mji wetu. Goma iko karibu mita 1.500 juu ya bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko cha tangi la maji kina springi inayobana shinikizo ndani ili yasichemke mapema. Chenye alama 0,9 kinasukuma kiwango hicho kupita nyuzi 110. Kifuniko kikipotea na nafasi yake kuzibwa kwa kitambaa, kinga yote hiyo imekwenda.

Basi kwa nini tusitumie mvua? Mahali pengine lingekuwa jibu zuri, kwa kuwa mvua haina madini ya gamba. Kwetu kuna Nyiragongo. Moshi wake una gesi za salfa, klorini na florini, na mvua inayopita humo inakuwa na asidi inayokula chuma. Volkano ikiwa imetulia, mvua iliyokingwa baada ya mabati kuoshwa bado ni afadhali kuliko maji ya ziwa, lakini si ya kutumia bila dawa.

Kinachofaa ni maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri. Angalia chupa vizuri: yapo pia maji ya asidi ya betri, na hayo yanaharibu injini. Maji safi peke yake hayatoshi, kwani silinda zinapotetemeka, vipovu vidogo vinapasuka kwenye ukuta wake na kuchimba vishimo mpaka maji yanaingia kwenye oili. Dawa ya kuzuia kutu inafunika chuma kwa utando mwembamba. Inaisha nguvu, hivyo inabadilishwa kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Usichanganye aina mbili. Zinaweza kuganda kama uji. Na rangi ya kijani au nyekundu si ushahidi, kwa sababu maji ya bomba nayo yanapakwa rangi.

Moteri zinazofungwa nyuma ya pirogi hazina maji ya ndani, zinakunywa ziwa moja kwa moja. Hapo adui ni mfuko wa plastiki unaoziba mdomo wa kuvutia. Nahodha atazame kijitundu kinachorusha maji nje: ule mchirizi ukikatika, azime mara moja, kabla chuma hakijaungua.

Baki suala la maji ya zamani yaliyotolewa kwenye injini. Mengi yana glikoli, sumu yenye ladha tamu. Yanapaswa kuwekwa kwenye bidoni iliyofungwa na yenye alama, mbali na watoto, si kumwagwa ukingoni. Pale Kituku, hatua chache kutoka boti zinapofungwa, watu wanachota maji yanayopanda mpaka Katoyi.